Kawa Iliyogeuka Taa

Wasomaji wapenzi wa ukurasa huu wamezoea kunisoma nikijadili vina, mizani na ngeli za nomino. Leo naomba ruhusa ya kusema la moyoni: nimependa uzeeni. Nimependa kwa namna ile ya kukosa usingizi, ya kuhesabu fedha usiku na kuwaficha ndugu mpaka siri ivuje yenyewe. Mpenzi wangu hana umbo moja. Ni taa ya ukindu ining'iniayo sebuleni. Ni matakia mawili yaliyoshonwa kwa kanga. Ni chungu kisicho na kazi kilichosimama peke yake kando ya mlango. Ni meza ya mbao za mnazi ambayo fundi ameiacha na mistari yake yote. Vijana huyaita mambo haya dekoresheni. Mimi niliyatafutia jina lenye heshima zaidi, na katika kulitafuta ndipo yalipozaliwa haya ninayoyaandika.

Niliajiriwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 nikitokea chuo cha ualimu, wakati ambapo kipande cha sabuni kilikuwa habari njema na shuka mpya ilitafutwa kwa foleni. Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 36, nikahamishwa mara 5, na kote huko niliishi katika nyumba za shule. Mwalimu mwenzangu anaijua nyumba ya shule. Rangi ya ukuta alikwisha kuichagua mtu mwingine, msumari hupigwa kwa woga, na kila kiti kina namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe upande wa chini. Ukihama unakabidhi, na vitu vinahesabiwa mbele yako. Katika maisha ya namna hiyo mtu hujizoeza kutotazama. Nilikuwa na kitanda, kabati na ndoo; sikuwa na kitu hata kimoja nilichokiweka mahali kwa sababu tu jicho langu lilikitaka hapo.

Nyumba yetu wenyewe tuliijenga Tanga, tofali kwa tofali, kwa mikopo ya chama cha kuweka na kukopa. Mume wangu marehemu, naye mwalimu, alinunua makochi yaliyoijaza sebule: makubwa, ya rangi ya maruni, yenye mikono iliyonona kama ya mtu aliyeshiba. Juu yake niliweka vitambaa vya kufuma, kama walivyofanya wanawake wa rika langu kuanzia Tanga hadi Kisumu. Kitambaa cha mgongo wa kochi, cha mkono wa kulia, cha mkono wa kushoto, cha redio, cha televisheni. Sivicheki. Tulivifuma kwa kroshia katika vikao vya walimu, macho yakiwa kwa mwenyekiti na vidole vikihesabu vitundu, na kwa wengi wetu hiyo ndiyo sanaa pekee iliyokuwa na nafasi sebuleni.

Alipofariki nilikaa eda. Miezi 4 na siku 10 ni muda mrefu wa kutazama kuta nne. Mjane hajipambi katika siku hizo, nami nilitii. Ila mwalimu wa lugha hata katika huzuni hachoki kupekua maneno, na kitenzi hicho cha kupamba kilinikaa kichwani. Bibi harusi hupambwa. Nyumba hupambwa. Na maiti naye, akishaoshwa, hupambwa: huwekwa pamba, na wahusika hutumia kitenzi kilekile. Mume wangu alikuwa amepambwa kwa mara ya mwisho, mimi nimezuiwa kujipamba kwa muda, na katikati yetu ilibaki nyumba ambayo haikupata kupambwa tangu siku ilipoezekwa. Nikaanza kuitazama nyumba.

Eda ilipokwisha, binti yangu aishiye Dar es Salaam akaanza kunitumia picha kwa simu ili nisichoke na upweke. Moja ilikuwa ya sebule yenye kuta nyeupe na vitu vichache sana, na kutoka darini ilining'inia taa ya ukindu, mwanga ukipenya katika msuko wake na kutawanya madoa madogo ukutani. Aliandika chini yake: "Mama, tazama hii." Niliitazama mpaka chaji ikaisha. Kitu kile nilikuwa nakijua tangu utotoni. Kilikuwa kawa.

Pengine msomaji wa bara hajakutana nayo. Kawa ni kifuniko cha chakula kilichosukwa kwa ukindu au miyaa, kipana chini na kilichochongoka juu, ambacho mama zetu walifunikia sinia ya wali ili inzi wasiuguse na mvuke upate njia ya kutokea. Hilo la mvuke ndilo umbuji wake: kifuniko cha bati hurudisha maji juu ya wali, kawa huyaacha yaende zake. Alichofanya fundi wa taa ni kutoboa kilele na kupitisha waya. Msuko ulioachia mvuke sasa unaachia mwanga.

Nilipokwenda kumtembelea, binti alinipeleka katika duka moja la vitu vya ndani, lenye kiyoyozi na harufu ya mchaichai. Kawa ilikuwa imetundikwa hapo, bei yake shilingi 90,000. Sokoni kwetu kawa iliyosukwa vilevile huuzwa shilingi 6,000, na ukimsalimu msukaji vizuri anapunguza. Nilimuuliza kijana muuzaji, "Mwanangu, hiki kinaitwaje?" Akajibu kwa adabu zote, "Hiyo ni ya dekoresheni, mama." Na ule mkeka ulioko ukutani? "Nao ni wa dekoresheni." Na hiki kipepeo? Akatabasamu, akijua sasa anatahiniwa, akasema, "Vyote vya dekoresheni, mama."

Ile tofauti ya shilingi 84,000 niliweza kuielewa. Kuna waya, kuna pango, kuna kiyoyozi na kijana anayetaka mshahara. Kilichonikera ni kwamba kitu kilikuwa kimepanda bei na kupoteza jina kwa wakati mmoja. Nikarudi Tanga, nikaagiza kawa kubwa kwa msukaji wa sokoni, nikamwita fundi umeme wa mtaani. Sharti lake lilikuwa moja, nalo la busara: balbu iwe ya aina isiyopata moto, maana ukindu mkavu ni chakula cha moto.

Msukaji huyo ni mwanamke wa rika langu, na barazani kwake nilirudi kuwa mwanafunzi. Ukindu hukatwa ungali mchanga, huanikwa mpaka uwe mweupe, kisha hupasuliwa kuwa chane. Chane husukwa kuwa ukili, ule ukanda mrefu unaozungushwa kama kamba. Ukili hushonwa kwa shazia, sindano ambayo wajukuu zangu hawajaiona, na ukingo hupigwa taraza. Rangi nyeusi zamani ilitoka katika mdaa. Siku hizi ni unga wa dukani unaochemshwa sufuriani. Nilikwenda na daftari, kwa mazoea ya kazi. Mkeka wa kulalia, jamvi la kukalia wengi, msala wa kuswalia; kifumbu cha kukamulia nazi, kung'uto la kuchujia, kipepeo cha kupepelea moto, pakacha la kubebea mizigo. Yeye aliyataja bila kuinua macho, vidole vikiendelea. Aliponiuliza ninaandika nini nikamwambia ninaandika majina. Akacheka: "Mwalimu, wewe mwenye digrii ya maneno unaniuliza mimi?" Sina digrii, nina stashahada, lakini sikumsahihisha.

Usiku ule, chini ya ile taa mpya, ikanijia beti moja. Naiweka hapa kwa kuwa ukurasa huu ni wa washairi, na wenye mizani waipime:

Ukili aliushona, mama kwa yake shazia,
Rangi zikashikamana, mkeka ukatulia,
Wageni wakanong'ona, jina wakaulizia,
Kitu kisicho na jina, nani atakililia?

Wako waliolijua hili na kulifanyia biashara. Kampuni ya IKEA ya Sweden, iliyoanzishwa na Ingvar Kamprad mwaka 1943, imetapakaza samani zake duniani, na kila kitu inachouza kina jina. Kamprad alikuwa na shida ya kusoma iliyomfanya achanganye namba za bidhaa. Kwa hiyo akaona afadhali kila bidhaa iitwe kama mtu au mji unavyoitwa. Ukawekwa utaratibu: sofa nyingi hubeba majina ya miji ya Sweden, vitanda majina ya mahali pa Norway, mazulia ya Denmark, meza za kulia chakula za Finland. Rafu yao ya vitabu iliyotoka mwaka 1979 inaitwa Billy, na watu wasioweza kumtaja waziri mkuu wa Sweden wanaijua. Mnunuzi wa London au Dubai hajiulizi kwa nini alazimike kutamka Kiskandinavia ili apate kitanda. Anajiumauma ulimi na kutamka. Nasi tuna kawa, neno la silabi mbili lisiloweza kumshinda mtu yeyote mwenye meno, tunalificha nyuma ya neno la kuazima!

Kwa seremala mambo yalikuwa magumu zaidi. Nilitaka kitanda cha chini, chembamba, kisicho na yale maua ya kuchonga yanayokusanya vumbi. Akaniuliza, "Mwalimu, sita kwa sita au tano kwa sita?" Nikamwambia kwanza tuzungumze matendegu, nayataka ya mviringo, na mifumbati iwe myembamba. Akanitazama kama niliyesema Kilatini. Kumbe kijana huyu, fundi hodari, alijifunza kitanda kwa vipimo tu: mguu, ubao mrefu, ubao mfupi, sita kwa sita. Nikamwonyesha. Mguu wa kitanda ni tendegu. Ule mti mrefu wa ubavuni ni mfumbati, ule mfupi wa upande wa kichwa au miguu ni kitakizo, na upande kinapolala kichwa ni mchago. Aliyaandika kwa penseli juu ya ubao wa mninga. Baada ya wiki mbili akanipigia simu: "Mwalimu, mchago tuutie nakshi au tuuache wazi?" Nilimwambia auache wazi, kisha nikabaki nimeshika simu kwa furaha ya swali lenyewe.

Rafiki zangu wachache, wastaafu wenzangu, husema kwamba mapenzi yangu haya ni ya Kizungu: kuta nyeupe, vitu vichache, nafasi tupu. Hoja hiyo huijibu kwa kuwapeleka Lamu, kwa maneno kama si kwa boti. Mimi nilifika huko mwaka mmoja baada ya kustaafu, nikaingia katika nyumba ya karne ya 18 ambayo sasa ni makumbusho ya nyumba ya Kiswahili. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari la mawe. Ungetazamia jela. Lakini mafundi wale walikuwa na ujanja: kuta ni nyeupe kwa chokaa, na ukuta wa chumba cha ndani umejaa zidaka, vile vishubaka vya plasta vilivyopangwa safu juu ya safu, kila kimoja kikiwa na upinde na nakshi zake. Zidaka huupa ukuta kina, jicho likadhani chumba kinaendelea. Ndani yake waliweka sahani za kaure kutoka China, mabakuli, vitabu. Kitu kimoja, kidaka kimoja, na weupe kukizunguka. Majarida ya leo yanayofundisha watu kuacha nafasi kuzunguka chombo ili kionekane yangeweza kuanzia darasa lao pale. Mji wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, lakini sijui mwanafunzi wangu hata mmoja aliyewahi kukutana na neno kidaka katika mtihani. Mimi mwenyewe, mtungaji wa mitihani kwa miaka mingi, niliuliza mara ngapi juu ya methali, na juu ya ukuta wa nyumba mara ngapi?

Niwaambie na habari ya kanga, maana hapo ndipo nilipogombana na fundi cherehani. Kanga ina pindo pande zote, ina mji katikati, na ina jina, yaani ule msemo ulioandikwa sehemu ya chini ya mji. Mitindo ya sasa inapenda mito ya kanga, nami nikapeleka yangu ishonwe. Fundi akakata mji tu, akatengeneza mito miwili ya mraba mizuri kwa mshono; jina akalitupa kwenye boksi la vitambaa chakavu. Nilimwomba arudie kwa kanga nyingine, jina libaki. Akalibakiza, ila mto wa mraba ni mfupi kuliko msemo, na kanga ile ilikuwa imeandikwa Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mto mmoja ukatoka umeandikwa "mwenyeji apone" peke yake, na sebuleni kwangu ukawa kama maombi ya mgonjwa. Suluhisho lilikuwamo katika kamusi. Zamani watu hawakuegemea mito ya mraba; waliegemea takia, mto mrefu wa kuweka ukutani barazani. Takia lina urefu wa kutosha kulibeba jina zima, pindo na vyote. Basi nina matakia mawili, na kila aingiaye husoma msemo kamili kabla ya kuuegemea.

Sasa nifike kwenye yale makochi ya maruni, ambayo nimeyazunguka makusudi. Yalikuwa manne. Hakuna taa wala takia lililoweza kupumua mbele yake. Nilipotangaza kwamba nitayatoa, wifi yangu mkubwa alikuja kutoka Muheza kwa basi la asubuhi, akakaa juu ya kochi la kaka yake bila kuvua mtandio, akasema, "Wifi, unamtoa kaka yetu nje." Sikuwa na jibu la haraka. Mtu huacha umbo lake katika kiti. Kochi lile lilikuwa limebonyea upande wa kushoto, alipoegemea miaka yote akisikiliza taarifa ya habari, na mimi nilikuwa wa kwanza kuujua mbonyeo ule. Nilimwambia wifi kwamba katika nyumba ya shule hatukuwahi kuchagua hata pazia, kwamba kaka yake alikuwa akisema tukistaafu tutaipanga nyumba yetu tunavyotaka, na kwamba kati ya wawili waliokuwa waipange amebaki mmoja. Akanijibu kwamba aliyebaki angesubiri. Nimsubiri nani, sikumuuliza.

Makochi matatu aliyachukua shemeji yangu mdogo, na mpaka leo watoto wake wanarukia juu yake. La mume wangu nililibakiza. Nililivua ile maruni, nikaagiza mikono yake ipunguzwe unene, likavikwa merikani. Hiyo ni ile pamba nzito isiyotiwa rangi ambayo meli za Salem, Massachusetts, zilileta Unguja katika karne ya 19 kwa wingi hata kitambaa kikaitwa kwa jina la nchi kilikotoka. Bibi zetu waliivaa, mabaharia waliitumia, na wengine walizikwa nayo. Leo maduka ya samani huisifu kwa majina ya rangi ya mchanga, shayiri na maziwa. Nilimkataza fundi kugusa mbonyeo wa kushoto. Alinishauri aujaze sponji, kiti kiwe sawa, nikamwambia aache. Wifi yangu huja kila Idi, hula, hucheka na wajukuu, na hukaa juu ya mkeka. Juu ya kiti kile hajakaa bado, wala mimi simkaribishi kwa nguvu.

Kiinua mgongo changu hakikuishia kwenye taa, kama inavyodaiwa mtaani. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye paa na kwenye ada za wajukuu. Mapenzi haya ni ya bei nafuu ukiwa na msukaji mzuri na ukajua unachokiomba kwa jina lake. Binti yangu sasa hunitumia picha na kuuliza, "Mama, hiki tulikiitaje?" Vingi ninavijua, vingine nampelekea msukaji, na vichache ni vipya kweli, havina mzee wa kuulizwa. Kimojawapo ni kile kitambaa chembamba kinacholazwa katikati ya meza kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Nimependekeza kiitwe ukumbuu wa meza, kwa kuwa ukumbuu ni ule mshipi wa kitambaa uliofungwa kiunoni. Mwalimu mwenzangu mstaafu, jirani yangu wa nyumba ya tatu, analikataa. Anasema ukumbuu lazima uzunguke, na meza haina kiuno. Tunabishana tangu Ramadhani. Juzi alikuja na rula, akapima meza yangu, akasema afadhali kiitwe utepe. Utepe ni wa zawadi na wa kukatwa na wageni rasmi. Siukubali mezani kwangu. Mwenye neno zuri zaidi na alilete, chai ipo chini ya kawa.